Neno la Asubuhi Linapokuwa Kavu: Jibu kwa Mama wa Urambo

"Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Urambo. Mume wangu alifariki mwezi wa tisa mwaka jana, wakati vitalu vya tumbaku vimekwisha kumwagiwa mbegu. Msimu ule sikuweza kuuendesha peke yangu. Majani mengi yaliozea shambani, bani moja la kukaushia tumbaku halikuwashwa kabisa, na deni la pembejeo limebaki katika chama cha msingi cha ushirika kwa jina lake. Tangu wakati huo ninaamka saa kumi usiku nisome Neno. Kila siku ninaletewa mstari mmoja kwenye simu, na mwezi wa kwanza niliandika Yeremia 29:11 kwa chaki juu ya mlango. Sikuona badiliko. Nikaongeza, sasa ninasoma sura tano kila siku, na Jumatano na Ijumaa ninafunga. Moyo umebaki mkavu kama shamba la mwezi wa kumi. Wenzangu wa kikundi cha maombi wanasema imani yangu ni haba, au kuna jambo ndani ya nyumba ambalo halijatubiwa. Mmoja amenishauri nitoe sadaka kubwa ya kupanda mbegu ili mlango ufunguke. Wakati mwingine naona heri ningelikwenda naye. Naomba unieleze: neema ya Mungu imeniacha? Nisomeje ili nipate tumaini kama wenzangu? Au niache kusoma, maana naona kama ninajidanganya?"

Amina, mama. Pole kwa msiba, na pole tena kwa maneno uliyoambiwa baada ya msiba, kwa maana nikiisoma barua yako naona kwamba hayo ya pili yamekuumiza karibu sawa na ule wa kwanza. Maswali yako ni matatu, nami nitayajibu kwa ufupi kabla sijaeleza. Neema haijakuacha. Tumaini la Maandiko si hisia ambayo wenzako wamepewa na wewe ukanyimwa. Na kusoma usiache, ila upunguze, tena ubadili namna. Yanayofuata ni sababu za kusema hivyo, maana jibu la mchungaji lisilo na sababu litakuwa mstari mwingine tu wa kuandika juu ya mlango.

Lakini ipo sentensi yako moja fupi ambayo siwezi kuipita nikaanza na mengine. Umesema kwamba wakati mwingine unaona heri ungelikwenda naye. Kwa kuandika hivyo hukutenda dhambi. Nabii Eliya alisema maneno yanayokaribiana sana na hayo chini ya mretemu, katika 1 Wafalme 19: "Yatosha, sasa, Ee Bwana, uiondoe roho yangu." Ninachotaka ukiangalie ni namna alivyotendewa. Hakuhubiriwa wala hakukemewa. Aliachwa alale, kisha malaika akamgusa, akamwambia ainuke ale, na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena, akaamshwa mara ya pili, akala tena. Swali la kumtaka ajieleze lilikuja baadaye kabisa, baada ya safari ya siku 40 hadi Horebu. Mwili wa nabii ulitunzwa kwanza, na habari za moyo wake zikangoja zamu yake.

Wewe umeupanga utaratibu huo kinyume. Umeupunguzia usingizi na chakula mwili uliokwisha kuchoka kwa huzuni, ukitumaini kwamba moyo utanenepa. Huzuni ya msiba hukaa mwilini: hukata usingizi, huondoa ladha ya chakula, tena hupunguza uwezo wa akili kushika maneno, ndiyo maana mtu aliyefiwa husoma ukurasa mzima, akafika chini hajui amesoma nini. Huo ukavu unaousema, kwa sehemu kubwa, ni uchovu wa namna hiyo, na wala si hukumu iliyotolewa juu ya imani yako. Kwa hiyo, kama mtu anayeheshimu sana kufunga, nakuomba usimamishe mfungo kwa sasa, na saa kumi usiku ulale. Neno litakuwapo saa mbili asubuhi, watoto wakisha kwenda shule.

Tena nakuomba mambo mawili yafanyike wiki hii. Kwanza, mtafute mtu mmoja aliye karibu nawe kwa mwili, awe dada yako, mama mkwe, mzee wa kanisa au mchungaji wako, umwambie sentensi ile kama ulivyoniandikia mimi, bila kuilainisha. Mimi niko Tabora mjini, na karatasi haiwezi kukaa nawe jioni. Pili, nenda hospitali ya wilaya, umweleze mganga habari za usingizi, za chakula na za muda ambao hali hii imedumu. Kulia mume ni jambo la kawaida na halina kipimo cha miezi, lakini zipo nyakati ambapo huzuni hugeuka kuwa sonona, nayo ni ugonjwa kama magonjwa mengine na ina matibabu. Fikra ya kufa ikianza kuwa na mpango ndani yake, yaani ukijikuta unawaza lini na kwa njia gani, siku hiyo usikae peke yako. Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiwa na mtu. Na viuatilifu vya tumbaku vilivyobaki stoo, mpe ndugu au jirani avitunze kwake, hata kama leo unajiona mzima.

Sasa nije kwenye neema, kwa sababu Kiswahili chetu kinatutega hapo. Katika mazungumzo ya kila siku, hasa huku kwa wakulima, neema ni shibe. Mvua zikinyesha kwa wakati, mahindi yakajaa vihengeni na nyuki wakajaza mizinga, tunasema mwaka huu ni wa neema, na hakuna kosa kusema hivyo. Ila watafsiri wa Biblia walipohitaji neno la kubeba lile la Kigiriki, kharis, walilitwaa neno hilohilo, na msomaji asipoangalia hulitwaa pamoja na kihenge chake. Ndipo anaposoma kwamba Mungu ni mwingi wa neema, akatazama stoo, akaona stoo tupu, akahitimisha kwamba neema imehama. Kharis ni upendeleo wa mtoaji kwa mtu asiyestahili, na makao yake ni moyoni mwa yule anayetoa. Paulo alimwomba Bwana mara tatu amwondolee mwiba mwilini, na jibu alilopata katika 2 Wakorintho 12:9 ni hili: "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Mwiba ulibaki, na neema ilisemwa juu ya mtu ambaye mwiba wake ungali unachoma. Sisemi hivyo ili uone kifo cha mume wako kuwa kitu chema. Si chema, Maandiko yenyewe, katika 1 Wakorintho 15:26, yanakiita kifo adui. Nasema tu kwamba kupungukiwa hakuwezi kutumiwa kama ushahidi wa kuachwa, ama sivyo ingetubidi tuseme kwamba na Paulo aliachwa.

Hapo pia ndipo ninapoiona hatari ya zile sura tano. Umeona mstari mmoja haukuleta kitu, ukaongeza sura. Sura hazikuleta kitu, ukaongeza mfungo. Hiyo ni akili ya soko la tumbaku, ambako mtu hupeleka mitumba, yaani marobota ya majani, ikapangwa madaraja, ikapimwa, akalipwa kwa uzito na daraja. Sokoni ni haki iwe hivyo. Lakini Warumi 4:4 inasema, "Kwa mtu afanyaye kazi, ujira wake hauhesabiwi kuwa ni neema, bali kuwa ni deni." Ukimpelekea Mungu sura kama mitumba, utabaki umesimama mizanini ukingoja malipo, na kila asubuhi isiyokuwa na hisia nzuri utaihesabu kuwa umeshushwa daraja. Yanayosomwa ni yaleyale, lakini msomaji aliyesimama mizanini hawezi kuyasikia, kwa sababu masikio yake yako kwenye bei.

Na mstari ulioandika juu ya mlango? Ni wa kweli, lakini umeukata katika barua. Yeremia 29 ni barua, na barua ina watu ilikopelekwa. Ilitoka Yerusalemu ikaenda Babeli, kwa wale waliochukuliwa mateka pamoja na mfalme Yekonia mwaka 597 kabla ya Kristo, miaka kumi hivi kabla mji wenyewe kuteketezwa. Walikuwa wameacha nyumba, mashamba, hekalu na makaburi ya wazee wao. Na wakati huo palikuwa na nabii wa kufariji haraka: Hanania, ambaye habari zake zimo katika sura ya 28, aliivunja ile nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, mbele ya watu, akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili mateka wote na vyombo vyote vya hekalu vitarudi. Tangazo hilo lilipotolewa mara ya kwanza, kabla nira haijavunjwa, Yeremia alimjibu, "Amina! Bwana na atende hivyo." Naipenda sana amina hiyo, kwa kuwa inaonyesha kwamba mtu wa Mungu naye alitamani habari ya haraka iwe kweli. Haikuwa kweli. Barua ilisema miaka 70.

Fanya hesabu. Mtu wa miaka 40 aliyeisikia barua ile ikisomwa alifahamu kwamba yeye mwenyewe hatarudi. Ndipo unapokuja mstari wako: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Kiswahili sasa kinakusaidia, kwa maana hakisemi "ninayokuwazia wewe", kinasema "ninayowawazia ninyi". Ni ahadi waliyopewa watu wengi waishike kwa pamoja, wazee wakiishika kwa niaba ya wajukuu, na mwenye nguvu akiishika kwa niaba ya aliyelegea. Maneno "siku zenu za mwisho" nayo yasikutishe, kwa maana hayamaanishi siku ya kufa wala mwisho wa dunia. Kiebrania chake kinasema juu ya yale yatakayokuja baadaye, mbele ya mahali ambapo jicho linaishia sasa.

Neno tumaini katika mstari huo ni tikva, na nilipokuwa mwanafunzi wa lugha hiyo nilishangaa kukuta kwamba katika Yoshua 2 neno lilelile linatajwa kwa ajili ya kamba: ile kamba ya uzi mwekundu ambayo Rahabu aliifunga dirishani, akangoja. Nalo ni la ukoo mmoja na kitenzi cha kungoja, kile kilichomo katika Isaya 40:31, "bali wao wamngojeao Bwana watapata nguvu mpya." Rahabu hakuambiwa ajisikie vizuri. Aliambiwa aifunge kamba na awaweke jamaa zake ndani ya nyumba. Sidhani kwamba alilala vizuri usiku hata mmoja wa kungoja kwake, lakini kamba ilikuwa dirishani usiku ule kama ilivyokuwa mchana, na usalama wake ulitegemea walioahidi, wala haukutegemea mapigo ya moyo wake.

Ukiirudia barua tangu mstari wa kwanza utaona jambo jingine ambalo kipande cha juu ya mlango hakiwezi kukuambia. Kabla ya ahadi ya mstari wa 11 zimetangulia kazi za mstari wa 5 hadi wa 7: wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani wale matunda yake, waoze watoto wao, wautakie amani mji ule wa ugenini na kuuombea. Hivyo ndivyo tumaini la Maandiko linavyofanya kazi. Jambo kubwa liko mbali, lina tarehe ya Mungu, na mtu hawezi kulivuta. Lakini kwa sababu lipo, kazi ndogo ya leo inapata maana, hata kupanda mchicha nyuma ya nyumba ambayo hukuichagua. Hanania aliwapa watu tarehe ya karibu, na mwenye kungoja miaka miwili tu hana haja ya kupanda mwembe. Nadhani na wewe, mama, bila kukusudia, uliukabidhi mstari wa Yeremia kwa Hanania: uliuandika mwezi wa kwanza, ukangoja kwamba kabla masoko ya tumbaku hayajafungwa kitu kitakuwa kimegeuka.

Sikulaumu, kwa maana ndivyo mstari mmoja mmoja unavyotuzoeza. Lakini desturi yenyewe ya neno la kila siku si mbaya, na nyinyi wa Urambo mna sababu ya pekee ya kuujua mwanzo wake. Wamoraviani, waliopokea misheni ya Urambo mwaka 1898 kutoka kwa Shirika la Misheni la London, walikuja na desturi iliyoanza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728, wakati kiongozi wao Zinzendorf alipowapa ndugu neno la kushika siku iliyofuata; na tangu 1731 maneno hayo huchapwa kitabu kila mwaka. Neno la Agano la Kale huchaguliwa kwa kura, kisha hutafutwa neno la Agano Jipya la kwenda nalo. Kinachonigusa zaidi ni kwamba mwanzoni neno lilipelekwa nyumba kwa nyumba na mtu mwenye miguu, ambaye alibisha hodi, akalisema, akaona kama mna mgonjwa au kama moto haujawashwa. Simu inakuletea mstari, lakini haioni kwamba bani lako ni baridi. Kwa hiyo usiufute huo mstari wa simuni. Mtumie jirani mmoja, mwambie aje akuambie kwa mdomo wake, naye akikuta hujala aseme.

Kuhusu wenzako wa kikundi, nitasema machache. Rafiki za Ayubu walifanya vizuri siku saba za kwanza, walipoketi naye chini bila kusema neno. Walipofungua vinywa, wakaanza kutafuta dhambi iliyofichika ndani ya nyumba yake, na mwisho wa kitabu, katika 42:7, Bwana anamwambia Elifazi kwamba hasira yake imewaka juu yake na rafiki zake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu. Ayubu, tukumbuke, alikuwa ameilaani siku aliyozaliwa na kudai kesi na Mungu uso kwa uso. Sitaki uwapelekee mstari huu kama rungu. Wengi husema hivyo kwa hofu, kwa sababu kama msiba wako una kosa lililousababisha, basi wao wasiokosa wako salama.

Ayubu ananifikisha kwenye sehemu ya Biblia ambayo nadhani hujapelekewa simuni, nayo ndiyo dawa unayoihitaji kuliko nyingine. Zaburi za maombolezo ni nyingi kuliko za aina nyingine yoyote. Kipo pia kitabu kizima, Maombolezo, kilichoandikwa baada ya Yerusalemu kuchomwa moto, na umbo lake linafundisha kama maneno yake. Alfabeti ya Kiebrania ina herufi 22. Sura ya 1, ya 2 na ya 4 zina mistari 22 kila moja, na kila mstari unaanza na herufi yake kwa mfuatano. Sura ya 3 ina mistari 66, mitatu kwa kila herufi. Mtu aliyekuwa akilia alijitengenezea njia ya kulia tangu herufi ya kwanza hadi ya mwisho, bila kurukaruka na bila kukatizwa. Na katikati kabisa ya kitabu, ndani ya sura ileile inayoanza na "Mimi ni mtu aliyeona mateso", ndipo yalipo maneno tunayoyaimba makanisani kwa furaha: "Ni huruma za Bwana kwamba hatuangamii, kwa kuwa rehema zake hazikomi. Ni mpya kila siku asubuhi. Uaminifu wako ni mkuu." Mwandishi hakuyapata maneno hayo kwa kuikwepa huzuni. Aliyafikia akiwa ndani yake, na baada ya kuyasema hakuacha kulia: sura mbili zilizobaki ni kilio tena, na sura ya 5 hata ule mpangilio wa herufi imeupoteza. Ukitegemea kwamba asubuhi moja utasoma, machozi yakaisha moja kwa moja, hata kitabu hiki hakitakuahidi hilo.

Sasa, nisomeje? Kuna namna tatu ambazo watu wengi hutumia. Mstari mmoja kwa siku ni mwepesi, nao humfaa mtu mwenye kazi nyingi, lakini hauna mwanzo wala mwisho, na wachaguaji hupenda mistari mitamu. Kusoma mfululizo Biblia nzima ni kuzuri kwa mtu mzima wa afya. Sura zake ni 1,189 ukiacha vitabu vya ziada ambavyo ndugu zetu Wakatoliki wanavyo, hivyo kwa sura tano kila siku unaimaliza ndani ya miezi minane. Lakini mtu aliyefiwa akipita katika koo za Mambo ya Nyakati saa kumi usiku ili tu hesabu itimie, atachoka bure. Namna ya tatu ni kifungu kifupi kimoja, kikasomwa kwa sauti siku nyingi mfululizo mpaka kianze kukusoma wewe. Hiyo ndiyo ninayokushauri kwa sasa. Ina kasoro yake nayo: hutaijua Biblia yote kwa njia hiyo, na mwenye huzuni anaweza kujichagulia vifungu vya giza tu. Zaburi 88, kwa mfano, inaishia gizani bila neno la faraja. Ni zawadi kwamba imo katika Maandiko, lakini usiisome peke yako usiku, isome mchana na mtu.

Anza kwa kusoma barua yote ya Yeremia 29:1–14, mara moja, na ule mstari wa mlangoni uuache palepale. Sasa unawajua ndugu zake. Kisha keti na Zaburi 13 kwa wiki mbili. Dakika kumi zinatosha. Uliza swali moja tu kila siku: huyu anamwambia Mungu nini ambacho mimi bado sijathubutu kumwambia? Jibu liandike kwenye daftari kwa sentensi moja, hata kama ni ileile ya jana. Jioni, pamoja na watoto, soma kisa kimoja cha Injili ya Marko, ambayo ni fupi kuliko Injili zote, maana nao wamefiwa na baba, na katika barua yako wamekuja mara moja tu.

Habari ya deni si ya kuombea peke yake. Katika 2 Wafalme 4 mjane mmoja alimlilia Elisha kwa sababu mwenye kumwia alikuja kuwachukua wanawe wawili. Elisha alimwuliza ana nini nyumbani, akamtuma kwa majirani aazime vyombo, na mafuta yalipokwisha kujaa akamwambia akayauze, alipe deni, na yaliyosalia aishi nayo yeye na wanawe. Siwezi kukuahidi mafuta, na atakayekuahidi mwogope. Lakini mjane yule alilitaja deni kwa sauti mbele ya mtu, akahesabu kilichopo, akahusisha majirani, kisha akalipa. Nabii hakuchukua hata chupa moja. Kwa hiyo ile sadaka kubwa ya kufungua mlango usiitoe. Fedha hiyo ni ya watoto na ya deni, na neema inayonunuliwa imekwisha kuacha kuwa neema. Nenda katika chama cha msingi na shemeji au mtu unayemwamini, uombe kuonyeshwa kwa maandishi deni ni kiasi gani na la msimu upi, na ofisi ya ushirika ya wilaya ikueleze utaratibu wa mwanachama aliyefariki. Kama mirathi haijafunguliwa, ifungueni mahakamani, kwa maana madeni ya marehemu hushughulikiwa na msimamizi wa mirathi kutoka katika mali aliyoiacha. Usitie saini karatasi yoyote ya kulichukua deni kwa jina lako kabla hujaelezwa.

Nirudi kwenye Zaburi 13, maana nimekupa wiki mbili nayo na sikukuambia inavyokwenda. Ina mistari sita. Miwili ya kwanza ni maswali: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele? Hata lini utanificha uso wako?" Neno "hata lini" linarudi mara nne. Miwili ya katikati ni ombi la mtu anayeogopa kufa. Miwili ya mwisho ni tumaini na wimbo, na hakuna aliyeandika ni siku ngapi zilipita kati ya mstari wa nne na wa tano. Ukifika kwenye mistari hiyo ya mwisho ukaona kinywa hakitaki kuisema, ishia wa nne, ufunge kitabu, ukawashe jiko. Mwombe yule jirani anayekuletea neno la siku akusomee wa tano na wa sita yeye, kwa sauti yake, mpaka siku utakapoweza kuisoma mwenyewe.